Binti Yetu na Safari ya Kakamega



Wasomaji wetu watukufu, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, nyumba nyingi hapa pwani huwa na swali moja: mtoto aombe chuo gani? Kwetu swali hilo lilikuja na binti yetu, aliyetaka kusomea uhandisi wa ujenzi. Alama zake zilimfikisha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, mwendo wa zaidi ya kilomita 800.

Tulimwamuru afute chaguo lile, atafute chuo cha karibu, chochote kile. Tukamtolea na dalili za sheria juu ya safari ya mwanamke. Hakubisha. Aliinamisha kichwa akasema, "Baba, kijana wa jirani alisoma karibu. Leo yu wapi?"

Tulinyamaza. Kijana yule wazazi walimchagulia chuo kwa ukaribu wake. Alisoma miaka 5, kisha akaambiwa kozi yake haikuidhinishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Nayo sheria ya mwaka 2011 haimruhusu mtu kujiita mhandisi asiposajiliwa na Bodi hiyo. Tena Bodi huitazama kozi yenyewe, si jina la chuo tu. Chuo huweza kuwa na kozi moja iliyoidhinishwa na nyingine bado.

Hapo tulijihesabu nafsi. Dalili tulizozitoa ni za haki, lakini tulizitanguliza ili kuisitiri hofu yetu. Dawa ya safari ilikuwapo: mjomba wake, ambaye ni maharimu wake, alikuwa tayari kumsindikiza. Tukaketi sote, mama yake akiwamo, tukaitafuta kozi ile katika orodha ya Bodi, tukaiona. Kisha tukauliza karo, malazi ya wasichana na msikiti. Tukakumbuka pia kuwa Mumias haiko mbali na Kakamega, na huko Uislamu ulifika tangu karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara waliotoka huku kwetu pwani. Basi binti haendi ugenini kabisa. Baada ya mashauriano, akaswali istikhara.

Mama yake alilia siku ya kuondoka, nasi tulijikaza mpaka basi lilipotoweka. Tulimkumbuka mama wa Imamu Shafii, mjane aliyemtoa mwanawe Gaza akamleta Makka angali mdogo. Laiti angeutazama umbali peke yake, sisi tungalisoma madhehebu ya nani?

Leo binti yetu yuko mwaka wa tatu, alhamdulillahi. Nasaha yetu kwenu, akina baba na akina mama, ni kuyapanga maswali. Ulizeni kwanza kama kozi imeidhinishwa, kisha karo, kisha stara na dini ya mtoto. Umbali uje mwisho, nao una nauli yake. Miaka 5 ya mtoto ikipotea, haina nauli ya kuirudisha.

Wabillahi tawfiq.