Mlima Kitonga na Bei ya Giaboksi

Ndugu msomaji, miongoni mwa barabara zote zinazotoka Dar es Salaam kwenda bara, hapana inayolipima gari kama ile iendayo Iringa, Mbeya na hatimaye Zambia. Kutoka pwani hadi Morogoro safari ni ya kawaida, na gari lolote lenye pumzi kidogo huimudu. Baada ya hapo utaipita Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambamo barabara kuu hukata katikati ya mbuga, na watoto waliokuwa wamesinzia huamka wenyewe wasikiapo neno tembo. Ukitoka Mikumi utaingia katika bonde la Mto Ruaha Mkuu. Huko mibuyu imesimama pande zote mbili za njia, minene na mitupu wakati wa kiangazi, mfano wa wazee waliokutana barazani wakasahau kuondoka. Penye soko la Ruaha Mbuyuni utaona vitunguu vimepangwa kando ya barabara, na wauzaji wakikimbilia madirisha ya mabasi. Hapo joto ni kali. Lakini inua macho utazame mbele, nawe utaona milima iliyosimama kama ukuta. Huko ndiko Kitonga.

Barabara ya Kitonga imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni korongo. Malori yaliyosheheni hupanda kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, na utingo huweza kushuka, akatembea kando ya lori lake, kisha akalidandia tena bila ya kukimbia. Nyani huketi kingoni wakingojea maganda ya ndizi. Harufu ya breki na klachi zilizopata moto haiishi hapo usiku wala mchana. Msafiri akimaliza kuupanda ukuta huo ameliacha joto la bonde nyuma yake na kuingia katika nyanda za juu, kwani mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Njia hii ina historia nzito. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba, 1965, njia za Zambia za kusini ziliingia mashakani. Mafuta na shehena nyingine zikalazimika kusafirishwa kwa malori kati ya Dar es Salaam na Zambia, kwa barabara iliyokuwa ya udongo sehemu kubwa. Madereva wa wakati huo waliipa kwa Kiingereza jina ambalo maana yake ni Njia ya Jehanamu, nao hawakuwa wakitia chumvi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968, lami ilipotandazwa, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi mwaka 1976, adha ile ilipungua. Mlima, hata hivyo, haukupunguzwa kimo. Kila chombo kipitacho, kiwe lori la tani thelathini au gari dogo la familia, hapana budi kiupande kwa nguvu zake chenyewe.

LUGHA YA MATAWI

Atakayesafiri njia hii yampasa ajue kusoma matawi. Sheria humtaka dereva aliyeharibikiwa aweke pembetatu yenye kung’aa nyuma ya gari lake. Lakini tangu zamani madereva wetu wamekuwa na alama yao wenyewe, nayo ni matawi mabichi yaliyokatwa porini na kutandikwa juu ya lami, moja baada ya jingine. Ukiyaona, punguza mwendo, kwani mbele yako pana mtu mwenye shida.

Mwezi Oktoba mwaka 2019 matawi hayo yalikatwa kwa ajili yetu. Tulikuwa watu watano katika gari dogo la otomatiki, mimi, mke wangu na watoto watatu, tukielekea kijijini kwa mama yangu mzazi, mkoani Njombe. Nyumba yake ilikuwa imeezuliwa paa kuukuu. Seremala alikwisha kusimamisha kenchi mpya, na mama alikuwa akilala kwa jirani akingojea mabati. Katika mkoba wa mke wangu mlikuwa na shilingi 1,250,000, bei ya mabati 50. Mvua za huko huanza mwezi Novemba, nazo hazimsubiri mtu.

Tulipofika Morogoro tulipima oili ya injini na maji, vyote vikawa sawa. Tuliipita Mikumi na mibuyu bila ya tatizo. Tulipoanza kupanda Kitonga, kwenye kona ya pili, injini ilinguruma kwa nguvu lakini gari likazidi kupungua mwendo, kisha likasimama. Nikikanyaga mafuta, sauti ilipanda, magurudumu hayakutii.

Dereva mmoja mwenye lori dogo alisimama, akatoa kamba akitaka kutuvuta hadi juu. Ndipo dereva wa lori kubwa lililokuwa likipoza injini karibu nasi, mzee mwenye mvi, alipomzuia.

“Shikamoo, mzee,” nilimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Gari hili usikubali livutwe kwa kamba. Litafika Iringa, lakini kitakachofika ni bodi tu.”

Kisha akatueleza sababu, nami nakueleza wewe, msomaji, kwani ni jambo ambalo wenye magari wengi hawakupata kuambiwa. Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga kwa mguu. Nguvu ya injini hupita katika mafuta maalumu, na mafuta hayohayo ndiyo yanayobana diski za gia, kulainisha vyuma na kuondoa joto. Pampu inayoyazungusha huendeshwa na injini. Injini ikizimwa pampu husimama. Na gari likivutwa huku magurudumu yanayoliendesha yakiwa chini, vyuma vya ndani huzunguka vikavu hadi vikasagana. Kwa hiyo gari la namna hii hubebwa juu ya gari jingine, au huvutwa magurudumu hayo yakiwa yameinuliwa.

Mzee yule hakuishia kwenye maneno. Alimsimamisha mwenzake aliyekuwa akirudi Iringa na lori tupu. Wakatafuta tuta kando ya njia lililolingana kimo na sakafu ya lori, vijana waliokuwa wakipita wakasukuma, na gari letu likapanda. Tulilipa shilingi 120,000, zile tulizoziweka kwa ajili ya mafuta na chakula cha njiani.

MAFUTA YENYE RANGI YA CHAI

Katika gereji moja mjini Iringa tulimkuta fundi wa makamo, aliyetupokea kwa salamu ya Kihehe, “Kamwene”, kabla ya kutazama gari. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi na kukipangusa juu ya kitambaa cheupe. Mafuta ya giaboksi za namna ile huwa mekundu na maangavu yakiwa mapya. Yakizeeka huwa ya kahawia, na yakiungua hunuka. Haya hayakuwa na rangi mojawapo ya hizo. Yalikuwa kama chai ya maziwa.

“Hapa pana maji,” alisema. “Giaboksi hii haikujifia yenyewe. Imeuawa na rejeta.”

Alinionyesha mahali mafuta ya giaboksi yanapopita ndani ya rejeta ili yapoe, yakitenganishwa na maji kwa ukuta mwembamba wa chuma. Kutu ilikuwa imeutoboa ukuta huo kwa ndani, mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Maji yakaingia katika giaboksi, na maji ni adui wa diski zile, kwa maana huiondoa gundi inayoshikilia utando wao wa msuguano. Utando ukibanduka, diski huteleza. Katika nchi tambarare mteremko huo wa nguvu waweza usionekane, mlima haudanganyiki.

Kijana mmoja aliyekuwa akipita gerejini alituambia kwamba yeye angeweza kumwaga mafuta yale na kutia mengine kwa fedha kidogo, nasi tungeondoka jioni ileile. Fundi alitikisa kichwa. Gundi iliyokwisha kuondoka, alisema, hairudishwi na mafuta mapya. Akaongeza kwamba hata giaboksi nyingine haifai kufungwa kabla ya kubadilisha rejeta, kwani nayo ingekufa kifo kilekile.

Aliomba siku moja apige simu Dar es Salaam, kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika. Siku hiyo tuliwapeleka watoto Kalenga, kilomita chache nje ya mji, ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Wajerumani waliibomoa mwaka 1894, naye akaendelea kupigana nao hadi alipojiua mwaka 1898. Watoto walilitazama fuvu lake katika jumba la makumbusho, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, wakauliza maswali mengi. Mimi na mama yao hatukuwa na majibu mengi, kwa maana mawazo yetu yalikuwa gerejini.

Jioni hesabu ilikuwa tayari, imeandikwa kwa kalamu juu ya kipande cha boksi: giaboksi iliyotumika, shilingi 850,000, rejeta, 150,000, mafuta, 110,000, kusafirisha kutoka Dar es Salaam, 40,000, ufundi, 150,000. Jumla shilingi 1,300,000. Bahasha ya mabati ingemezwa yote, na bado tungedaiwa.

LIPI LITANGULIE?

Hapo, msomaji, ndipo penye uzito wa habari hii, kwa maana swali lile huwapata wengi wetu tuishio kwa mishahara. Gari la mfanyakazi si anasa tupu. Huwapeleka watoto shuleni, humfikisha mgonjwa hospitali usiku, na hubeba gunia la mchele kutoka sokoni. Likiharibika, moyo hutaka litengenezwe saa hiyohiyo, kwa gharama yoyote. Aidha ipo aibu ya kufika kijijini kwa basi, ilhali mwaka uliopita ulifika kwa gari.

Tulikaa juu ya benchi nje ya gereji, tukahesabu. Mke wangu ndiye aliyekata shauri.

“Baba Neema,” alisema, “gari likinyeshewa haliugui. Mama akinyeshewa ataugua.”

Nilipomweleza fundi kwamba hatungeweza kulipa wakati ule, nilitazamia anune. La hasha. “Liacheni,” alisema. “Gari halili ugali. Nitalifunika turubai.” Kwa kulihifadhi hakututoza hata senti moja.

Asubuhi tulipanda basi hadi Makambako, tukanunua mabati 50 na kuyakodia gari la kuyafikisha kijijini. Seremala na vijana wawili waliyapigilia kwa siku tatu. Katika juma la pili la Novemba, tukiwa tumekwisha kurudi Dar es Salaam kwa basi, mama alipiga simu usiku. Hatukusikizana vizuri, kwani mvua ilikuwa ikiyapiga mabati kwa kishindo. Alisema alitaka tuisikie hiyo mvua tu.

Fedha za giaboksi tulizipata kwa mkopo wa chama cha akiba cha kazini, tukaulipa kwa miezi minane. Miezi hiyo watoto walikwenda shule kwa daladala, na nyama ikawa ya Jumapili tu. Gari tulilifuata Januari mwaka 2020. Fundi alituonyesha giaboksi ya zamani ikiwa imefunguliwa juu ya meza, diski zake zikiwa zimebanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na rejeta ya zamani ikiwa imekatwa ili tujionee tundu. Halikuwa kubwa kuliko tundu la sindano.

MANENO MACHACHE KWA MSAFIRI

Kabla ya safari ndefu, wengi hupima oili ya injini, maji na upepo wa matairi, nao hufanya vyema. Ongeza jambo moja. Ikiwa giaboksi yako ina kijiti cha kupimia, kichomoe na utazame rangi. Ikiwa haina, kama magari mengi ya siku hizi yasivyo nacho, mwombe fundi akuangalizie kutoka chini. Chungulia pia maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa. Ukiona mafuta yanaelea humo, usipande mlima. Tia mafuta ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji, kwa sababu giaboksi za otomatiki hazifanani, na mafuta yanayoifaa moja huweza kuiua nyingine.

Ukiharibikiwa njiani, ikatae kamba, hata ikiwa anayeitoa ana moyo mwema. Fundi akikutajia kifaa kilichokufa, muulize kilichokiua, kwani asiyejua sababu atakurudisha gerejini kwa gharama ileile. Ukinunua giaboksi iliyotumika, hakikisha namba zake zinalingana na za ile ya zamani, na siku za dhamana ziandikwe juu ya risiti. Na kabla ya kufungua mkoba, jiulize safari yenyewe ilikuwa ya nini.

Sisi bado tunaipita njia ile kila mwaka. Watoto huhesabu mibuyu, tunanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, kisha tunaanza kupanda taratibu nyuma ya malori, wala hatuna haraka ya kuyapita. Tukikuta matawi barabarani, tunasimama na kuuliza kama yuko anayehitaji msaada.