Kondogi bila karai la mafuta

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya mazoezi ya kufundisha. Ukitoka kwa watoto wa darasa la tatu huna hamu hata ya kugusa kompyuta. Leo nimewaletea mambo ya jikoni, ila msikimbie, kuna fizikia kidogo humo ndani.

Kwanza kwa wasioijua. Kondogi ni soseji iliyochomekwa kijiti, ikachovywa kwenye rojo zito la unga wa mahindi, ikakaangwa kwenye mafuta mengi mpaka ikawa rangi ya dhahabu. Unashika kijiti, unakula huku unatembea. Jina lake ukilitafsiri neno kwa neno unapata "mbwa wa mahindi", teh teh teh, lakini mbwa hayumo, msiogope.

Hapa Texas ndiyo chakula cha Sabasaba yao, yaani State Fair of Texas, maonyesho makubwa ya Dallas yanayoanza kila mwaka mwishoni mwa Septemba na kuingia Oktoba. Ndugu wawili, Neil na Carl Fletcher, ndio walioifanya ivume pale miaka ya 1940. Illinois nako wana yao, ya bwana Ed Waldmire, aliyeanza kuiuza Springfield mwaka 1946. Nani alitangulia? Wenyewe wanabishana mpaka kesho. Tena kuna bwana wa Buffalo, New York, Stanley Jenkins, ambaye mwaka 1927 aliomba hataza ya mtambo wa kukaangia vyakula vya kijiti vilivyochovywa kwenye unga. Haya, tuwaachie ugomvi wao.

Sasa kisa chenyewe. Nyumba tunayokaa yumo dada mmoja wa Unguja anayesoma shahada ya uzamili, sisi tunamwita Da'Mkubwa. Miaka miwili ameenda maonyesho na sisi, na miaka yote miwili ameishia kutushikia mikoba. Yeye hali nguruwe, wala hali nyama isiyochinjwa kihalali, na kwenye foleni ya watu mia huwezi kuanza kumhoji muuzaji soseji imetoka wapi na mafuta yamekaangia nini. Hajawahi kulalamika. Ila Oktoba hii tukiwa njiani kurudi akauliza taratibu, "Hivi hicho mnachokula kila mwaka kina ladha gani hasa?"

Jamani, swali hilo lilinikaa. Desemba anamaliza, anarudi kwao. Mtu akae Texas miaka miwili aondoke na harufu tu?

Dawa ingekuwa nyepesi: soseji za ng'ombe za halali, karai, mafuta, basi. Lakini mkataba wa nyumba zetu unakataza kukaanga kwa mafuta mengi. King'ora cha moshi kikilia, jengo zima mnatoka nje na kandambili. Tulicho nacho ni eafraya, lile jiko dogo la upepo wa moto lililoanza kuvuma baada ya Philips kulitoa mwaka 2010.

Hapo ndipo penye somo. Mwenzetu mmoja wa humu ndani aliwahi kumimina soseji zenye rojo bichi mle ndani. Rojo lote likashuka kwenye matundu ya kikapu, soseji zikabaki uchi. Akasema mashine mbovu. Mashine haina kosa! Eafraya haikaangi, inaoka. Ni oveni ndogo yenye feni. Fikirieni vya kwetu. Kitumbua hushikwa na kishimo cha chuma. Bajia hushikwa na mafuta, maana ukiidondosha tu, mafuta ya moto yanaibana kila upande na ganda linaganda papo hapo. Mkate hujishika wenyewe. Hewa, hata iwe ya moto namna gani, haina mikono ya kushika rojo. Kwa hiyo kwenye eafraya usipeleke rojo la bajia, peleka donge la mkate.

Vipimo vyangu, kwa soseji 8:

Unga wa mahindi wa njano kikombe 1, unga wa ngano kikombe 1 na nusu, bekingi pauda vijiko vya chai 2, sukari vijiko vya mezani 2, chumvi nusu kijiko cha chai. Changanya. Tia yai 1, mtindi mzito robo tatu ya kikombe na mafuta vijiko vya mezani 2. Kanda mpaka upate donge laini lisilong'ang'ania vidole. Likinata ongeza ngano kidogo, likipasuka ongeza mtindi. Funika dakika 15 ili unga wa mahindi unywe maji.

Vijiti viloweke nusu saa, na uvikate viingie kwenye kikapu. Soseji zikaushe kwa karatasi kisha zipake ngano kavu, la sivyo unga utateleza. Gawa donge mara 8, sukuma kila moja kama chapati ndogo ya mstatili, ivingirishe soseji, bana maungio na ncha zote mbili. Pakaa mafuta kidogo juu, bila hayo rangi haiji.

Washa eafraya ipate moto dakika 3, nyuzi 375 za Farenihaiti, ambazo ni kama 190 za Sentigredi. Panga nne nne, zisigusane, upepo upite. Dakika 10 hadi 12, ukigeuza katikati. Na kwa wanaojali halali, someni karatasi ya pakiti mpaka mwisho. Kuandikwa "ng'ombe" mbele hakutoshi, ganda la soseji nalo lina asili yake.

Jumamosi tukakaa mezani na haradali, maana hapa ndivyo inavyoliwa. Niseme ukweli: si ile ya maonyesho. Ganda lake ni la mkate, halina ule ukavu wa kupasuka mdomoni. Lakini utamu wa mahindi upo, chumvi ya soseji ipo, na haradali inapanda puani vilevile.

Da'Mkubwa akaigeuzageuza, akapiga bismillahi, akang'ata. Sote tukanyamaza kama tunasubiri matokeo ya mtihani.

"Kumbe ndo hichi? Lo, kitamu! Ila mie ningetia iliki."

Akala mbili. Ya tatu akaikunja kwenye karatasi akaiweka pembeni, na hapo nikajua hajasema kwa adabu tu.

Halafu akaleta daftari. Akataka vipimo, ana watoto wa kaka yake huko Unguja. Akauliza, "Na kwetu hatuna eafraya, je?" Nikamwambia Da'Mkubwa, hili si donge la kukaanga, ni la kuoka. Sufuria yenye makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama mnavyopalia mkate wa mchele, itafanya kazi hiyohiyo. Moto uwe wa wastani, na asiwaachie watoto vijiti vyenye ncha kali. Sembe yetu ni laini na nyeupe kuliko unga wa huku, basi rangi itapungua, ladha itakuja. Akaandika yote, na chini kabisa akaongeza kwa herufi kubwa: ILIKI.

Haya wadau, nina andalio la somo la Jumatatu halijaguswa. Atakayejaribu kwa mkaa aniambie dakika ngapi. Tuko pamoja!