Mapenzi Yetu ni Wati Ngapi?

Wapo wanaopimana kwa mapishi, wapo wanaopimana kwa namna mtu anavyowapokea mashemeji. Mimi na mwenzangu tulipimana kwa betri. Usicheke. Mtu umekaa naye nyumba moja miaka mitatu, unajua hata anavyokoroma akiwa amechoka na anavyokoroma akiwa ameshiba, unadhani umeshammaliza. Sasa mpe milioni nne za kibubu na karatasi nyeupe, mwambie mchague pamoja sola ya kuweka kwenye gari la kulala safarini. Ndiyo utamjua.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce, kipanya kilichostaafu. Kilikula sana vumbi la Mbagala kabla hatujakinunua mwaka 2023. Viti tuling'oa, seremala akatupigia kitanda chenye makabati chini yake, na mimi nikashona mapazia. Hapo kila mtu aliyekuja kukiona alisema ni bomba. Lakini gari la kulala lisilo na umeme ni kibanda chenye matairi tu, na sisi hatukutaka kibanda. Tulitaka kwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tukakae wiki mbili kwa bibi yake mwenzangu.

Na hapa ndipo penye mambo. Mwenzangu ana kisukari, ile aina ya kwanza, tangu ana miaka 14. Anajichoma insulini kila siku ya Mungu. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda imekufa, ikichemka imekufa. Iliyofunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumbani, nyingi kwa karibu wiki nne, mradi joto lisizidi lile lililoandikwa kwenye karatasi yake. Ila gari lililofungwa juani halina joto la kawaida. Kwa sababu hiyo, kwa miaka yote hiyo, kwao alikuwa anakwenda siku mbili tatu na kurudi mbio. Bibi alidhani mjukuu anaringa, kakaa mjini sana. Mjukuu mwenyewe hakuwahi kumwambia sababu. Ni wale wanaume wanaoingia msalani kwenye sherehe wajichome huko, watu wasione.

Kwa hiyo tulipokaa mezani kuandika orodha ya vitu vitakavyotumia umeme, alianza na muziki. Amplifaya, spika mbili, na lile dude la besi. Kisha taa za rangi. Friji aliiandika mwisho kabisa, na pembeni akaweka "soda".

Sikumwambia kitu. Nilichukua kalamu nikaanza upya, friji juu.

Hesabu ya sola si ngumu, jamani, msikubali kutishwa. Unachukua wati za kifaa, unazidisha kwa saa kinazofanya kazi kwa siku, unapata wati-saa. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa inakula kama wati 45 inapounguruma, na kwa joto la Dar itaunguruma karibu nusu ya siku. Hiyo ni 540. Feni ya wati 20 usiku kucha, saa nane, ni 160. Kompyuta yangu ya mapajani wati 60 kwa saa tatu ni 180, maana likizo yangu bosi haitambui. Taa tatu za wati 5 kwa saa nne ni 60. Simu mbili, tuseme 30. Jumla ni 970, ukijumlisha na yale ya ghafla weka 1,000. Ona mwenyewe: zaidi ya nusu ni friji.

Alipoona hivyo akasema, "Laazizi, si tununue yale maboksi ya baridi yanayochomekwa kwenye kiberiti cha gari? Bei chee." Ni kweli ni chee. Lakini yale hayana kompresa. Mengi yanashusha joto kama nyuzi 20 tu chini ya joto la nje, kwa hiyo nje kukiwa 35 ndani ni 15. Kwa soda sawa, kwa insulini hapana. Halafu hayapumziki, yanavuta umeme wati 50 hivi saa 24, hesabu yake inapita ile ya friji ya kweli. Kitu rahisi dukani kinageuka ghali kwenye betri. Nilimwonyesha kwa namba, akanyamaza. Nikajua amenielewa na amechukia kwa wakati mmoja.

Tukaja kwenye betri, hapo sasa ndiyo palikuwa na vita. Fundi mmoja wa Ilala, mcheshi kweli, alituambia, "Dada, N70 mbili zinawatosha kabisa, mtanikumbuka." N70 ni betri ya kuwashia gari. Imeumbwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja. Ukiifanya ilishe friji usiku mzima, ukaimaliza kila siku, haichukui muda inazimika moja kwa moja. Zipo za risasi na asidi zilizotengenezwa kwa kutumika taratibu, na za jeli, hizo ni afadhali, lakini nazo hupaswi kuzishusha chini ya nusu ukitaka zidumu. Maana yake unalipia ampea-saa 200 unatumia 100. Na uzito! Betri moja ya ampea-saa 100 ya namna hiyo inakaribia kilo 30, na kipanya chetu si lori.

Lithiamu ni hadithi nyingine. Ninayoizungumzia ni ile yenye chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4, ambayo ni tulivu kuliko lithiamu za kwenye simu. Ampea-saa 100 ina kilo 12 hivi, unaweza kutumia karibu yote, na inavumilia kujazwa na kumalizwa mara elfu mbili na kuendelea. Ndani ina kibodi cha ulinzi kinachokata umeme mambo yakizidi. Haipendi kuchajiwa ikiwa na baridi ya sifuri, lakini hiyo ni shida ya Ulaya, labda na ya mtu atakayelala Kitulo mwezi wa saba.

Tatizo ni mshiko. Ya ampea-saa 200 ilikuwa inakula karibu nusu ya kibubu chetu. Mwenzangu alitaka ya 100, hela inayobaki iende kwenye muziki. Ya 100 ina kama wati-saa 1,280, yaani siku moja na ushee. Ya 200 ina 2,560, siku mbili bila jua hata kidogo. Nikamuuliza, "Na mvua ikinyesha siku mbili?" Akasema, "Tutanunua barafu." Nikamuuliza, "Na barafu ikigusa dawa ikaganda?" Akasimama, akaenda kunawa uso.

Aliporudi alisema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kutoka kwake. "Sitaki kila kitu ndani ya lile gari kiwe hospitali." Basi. Kumbe vita haikuwa ya betri hata kidogo. Alikuwa anataka gari liwe sehemu moja duniani ambayo ugonjwa haukualikwa. Na mimi, na kalamu yangu, nilikuwa nimeuandika juu kabisa ya karatasi.

Nilimwambia ukweli kama ulivyo: mimi simwoni mgonjwa, ila namwona mtu ninayetaka kukaa naye wiki mbili kwao bila kuangalia saa. Hatukukubaliana usiku ule. Asubuhi nilikuta ile karatasi kwenye friji la nyumbani, imebandikwa na sumaku. Amplifaya amelikata. Na pale penye friji neno "soda" limefutwa, pameandikwa kwa mwandiko wake mbaya: "dawa yangu, na soda". Tukanunua ya 200.

Paneli zilitupeleka Kariakoo, na huko nenda na utepe wa kupimia. Sisemi kwa utani. Paneli nzuri za siku hizi hutoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba, jua likiwa kali. Ukionyeshwa paneli yenye ukubwa wa nusu mita mraba imeandikwa wati 300, hiyo inaongopa, hata muuzaji aape kwa bibi yake. Duka moja walituwekea kitu cha namna hiyo mezani, mwenzangu akatoa utepe, muuzaji akakumbuka ghafla kwamba anaitwa nje. Nenda pia na mita ya umeme, mchana, mwombe muuzaji muitoe paneli juani, upime volti na ampea, ulinganishe na maandishi ya nyuma. Muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Kwa nchi yetu hesabu kwa saa tano za jua la maana kwa siku. Wati-saa 1,000 ukigawa kwa tano ni wati 200, lakini joto, vumbi na nyaya vinakula chao, kwa hiyo ongeza. Tulichukua mbili za wati 170. Vitabu vingi vya magari haya vimeandikwa na watu wa kaskazini, wanasisitiza paneli ziinuliwe zitazame jua. Sisi tuko karibu na Ikweta, jua linapita juu ya utosi, paneli iliyolala bapa juu ya paa inapoteza kidogo tu. Kitu cha kuzingatia ni hewa: acha nafasi ya vidole vitatu vinne kati ya paneli na bati, maana paneli ikichemka nguvu hupungua. Tuliziunganisha sambamba, ili moja ikifunikwa na kivuli cha mwembe nyingine iendelee na kazi.

Kati ya paneli na betri kuna kidhibiti chaji. Zipo aina mbili, PWM na MPPT. Ya kwanza ni rahisi na inabana volti ya paneli ishuke hadi ya betri, ziada inapotea. Ya pili inaigeuza ile ziada kuwa ampea. Kwenye paa dogo kama letu, ambapo huwezi kuongeza paneli ya tatu, chukua MPPT na usijiulize mara mbili. Ya ampea 30 ilitutosha, maana 340 ukigawa kwa volti za betri unapata kama 26. Hakikisha tu inatambua betri ya lithiamu.

Inveta nayo iligusa upande wangu. Nilitaka pasi. Pasi ya wati 1,000 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampea 80, nyaya zake unene wa kidole, na inveta kubwa hata isipofanya kitu inanyonya betri taratibu mchana na usiku. Tulichukua ya wati 600 na inawashwa kwa shughuli maalumu tu. Kompyuta na simu tunachaji moja kwa moja kwenye volti 12. Nguo za kunyoosha nimeziacha nyumbani, napiga vitenge na fulana, na kupika tunapika kwa mtungi mdogo wa gesi. Fyuzi iko karibu kabisa na betri, hilo halina mjadala, kwa sababu betri ya namna hii ikishikana nyaya inawasha moto kabla hujamaliza kusema "jamani".

Kitu cha mwisho wengi wanakiruka: kichaji kinachochukua umeme kutoka altaneta ya gari kwenda kwenye betri ya ndani. Chetu ni cha ampea 30. Saa mbili za kuendesha zinarudisha kama wati-saa 750. Niliking'ang'ania kwa sababu moja tu, ratiba yetu ya likizo ilitupeleka kusini Pasaka ya mwaka 2025, katikati ya masika.

Na masika tuliyakuta. Hadi Mikumi na Kitonga jua lilikuwa lenyewe, betri inajaa kabla ya saa saba mchana. Tukavuka Mbeya, tukaanza kushuka Tukuyu, mbingu ikafunga. Kule mvua haina haya. Siku nzima paneli zilitoa robo ya kawaida yake, pengine na chini ya hapo. Mwenzangu alikuwa kila baada ya nusu saa anaangalia kile kioo cha betri, asilimia 71, asilimia 64, na mimi najifanya nasinzia. Asubuhi ya pili tukawasha gari kuelekea Kyela na namba zikaanza kupanda. Friji ilikaa kwenye nyuzi 5 safari nzima, dawa ikiwa kwenye kikapu cha juu, mbali na ukuta wa chuma ambako ingeweza kuganda. Tulibeba pia mtungi wa udongo kama akiba, ingawa kwenye unyevu kama ule wa ziwani haupoozi kama bara kwenye upepo mkavu.

Siku ya tatu Matema, saa ya chakula cha jioni, mwenzangu hakwenda kujificha nyuma ya nyumba. Alifungua mlango wa kipanya, akatoa kalamu yake ya sindano, akajichoma pale pale kwenye mkeka. Bibi aliangalia mpaka mwisho. Akauliza kile ni nini, naye akamweleza yote, tangu miaka 14. Bibi alinyamaza kidogo, akamwambia, "Mjukuu wangu, na mimi nilidhani hunipendi."

Kisha akasimama, akachungulia ndani ya ile friji, na akauliza kama kuna nafasi ya mbasa wawili ambao jirani amemletea. Tulitoa soda.