Mgeni na Chungu cha Mwenyeji

Kumpa chakula mtu mwenye njaa ni kazi ya huruma, nayo haina mabishano. Mwenye njaa hula, hushiba, hushukuru. Lakini iko kazi nyingine iliyo ngumu kuliko hiyo, nayo ni kumshawishi mama ambaye chungu chake ki motoni abadili kile anachompakulia mtoto wake. Hapo mgeni hatoi kitu, anaomba kitu. Anaomba mama ayatilie shaka mafundisho aliyopewa na mama yake mzazi. Kijana aliyeiacha nchi yake kwa hiari, akaja nchi ya watu kufanya kazi hiyo bila mshahara, amejitwika mzigo ambao pengine hakuupima alipoupokea. Nataka tuupime pamoja, kwa kuwa nafundisha katika Kiritiri, ambako wageni wa namna hiyo wamepata kufika, na kwa kuwa baadhi yenu mnaosoma maneno haya huenda siku moja mkawa wageni wa namna hiyo katika nchi za wengine.

Kiritiri ni mji mdogo katika nchi ya Mbeere, upande wa kusini wa Kaunti ya Embu. Mlima Kenya twauona, walakini mvua zake nyingi huishia kwa wenzetu wa juu wanaolima chai na kahawa. Kwetu nchi yateremka kuelekea Mto Tana, na jua ni kali. Ardhi hii huzaa mtama, mawele, kunde, mbaazi na ndengu, ambazo wengine huziita choroko. Iko miembe mingi, na mbuzi hawakosekani. Liko pia shamba la muguka, jamii ya miraa, ambalo huleta fedha upesi lakini haliingii chunguni. Mtu akiisoma orodha hiyo ya mazao atasema kwamba mtoto wa huku hawezi kukosa chakula chema. Hata hivyo utapiamlo hauna desturi ya kubisha hodi. Mwaka 2014 uchunguzi wa afya wa taifa ulionyesha kwamba katika Kenya nzima watoto 26 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 18. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watano.

Kudumaa si njaa ya kulia machozi. Mtoto aliyedumaa hucheza, hucheka, na aghalabu jirani humdhani kuwa mdogo wa umri tu. Tumbo lake lilikuwa dogo, likajazwa uji mwepesi wa unga mtupu, akalala ameshiba lakini hakulishwa. Au alipewa chai pamoja na chakula, na chai huuzuia mwili usiyatwae madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka. Wataalamu wafundisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha aongezewe vyakula vya namna mbalimbali huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Lililopotea katika siku hizo za kwanza ni vigumu sana kulirudisha.

Wala jambo hili halikomei kwenye kimo. Tangu mwaka 1998 wataalamu, akiwamo Dr. Charlotte Neumann wa Marekani, walifanya uchunguzi katika shule 12 za Kyeni, kwenye miteremko ya Embu hii hii yetu. Wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule nyingine walipewa githeri iliyoongezwa mafuta; katika nyingine githeri pamoja na maziwa; katika nyingine githeri iliyotiwa nyama; na wengine hawakupewa chakula shuleni. Waliopata nyama waliwashinda wenzao katika majaribio ya kufikiri, na uwanjani walionekana wachangamfu zaidi. Waliopata maziwa, hasa wale waliokuwa wafupi tangu mwanzo, waliongezeka kimo. Basi mwalimu asimamapo mbele ya darasa hufundisha vichwa ambavyo chungu cha nyumbani kimekwisha kuvifundisha kabla yake.

Kama mambo ndivyo yalivyo, mgeni mwenye elimu ya lishe ana haki ya kusema. Lakini atasemaje? Siku moja niliombwa kuyafasiri maneno ya kijana mmoja aliyetoka ng'ambo. Alikuwa mpole, mwenye bidii, na picha zake zilikuwa nzuri: karoti, matofaa, mayai. Akasema mtoto mdogo apewe chakula mara tano kwa siku. Akina mama wakatikisa vichwa kukubali, wakapiga makofi. Alipokwisha kwenda zake, mama mmoja akanijia akasema, "Mwalimu, mtoto akila mara tano, moto utawashwa mara tano. Kuni na maji vitatoka wapi?" Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mgeni maneno hayo. Akashangaa, akasema, "Mgeni haulizwi hivyo, mwalimu. Ametoka mbali."

Maneno hayo yalinifikirisha sana. Hapana mtu aliyekuwa na nia mbaya pale. Mgeni alisema kweli, na mama alitenda adabu; lakini ile kweli na ile adabu zilipokutana zilizaa kazi bure. Adabu yetu humdanganya mgeni. Twamkubalia ili tusimvunje moyo, naye huandika katika taarifa yake kwamba tumekubali, na mtoto huendelea kunywa uji mwepesi. Methali yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mwenyeji asiyetaja maumivu yake ataponaje?

Nilimpelekea kijana yule swali la mama, naye hakuudhika. Juma lililofuata alirudi bila picha, akaketi, akawauliza akina mama wenyewe namna wanavyofanya. Hapo ndimi zilifunguka. Mmoja alisema kwamba huutia uji mzito katika chupa ya chai asubuhi, ukakaa moto hata mchana, asiwashe moto tena. Mwingine alisema kwamba huchanganya unga wa mtama na unga wa ndengu zilizokaangwa, na mtoto wake hupewa sahani yake peke yake asinyang'anywe na wakubwa. Mwingine aliponda kunde pamoja na majani yake, akatia mafuta kidogo. Hakuna aliyetaja matofaa. Elimu iliyotafutwa ng'ambo ilikuwa imeketi pale pale mkekani.

Jambo hilo si la Kiritiri peke yake. Katika Uganda, watoto wengi wenye kwashiakoo, ugonjwa unaovimbisha miguu na uso, waliponywa hospitalini kwa maziwa ya unga. Lakini walirudi katika nyumba zisizo na maziwa hayo, na baadhi ya wazazi waliona kwamba ugonjwa ule unataka dawa ya hospitali, si chakula cha shambani. Ndipo mwaka 1965 madaktari wa Mulago na Makerere, miongoni mwao Dr. Derrick Jelliffe wa Uingereza, walipoanzisha huko Kampala kituo cha Mwanamugimu. Jina hilo lilitwaliwa katika methali ya Kiganda ifundishayo kwamba mtoto mwenye afya hutoka kwa mama mwenye afya. Mama alikaa pale na mtoto wake, akapika ndizi, maharagwe, karanga na mboga za kwao, akaona kwa macho yake mtoto akipona kwa chakula anachokijua. Aliporudi kijijini hakuhitaji tena mkono wa daktari.

Kadhalika katika Vietnam. Mwishoni mwa mwaka 1990 Jerry na Monique Sternin, mume na mke kutoka Marekani, walikwenda huko kufanya kazi na shirika la Save the Children. Waliuliza swali moja la busara: katika vijiji hivi maskini, ni nyumba zipi maskini zenye watoto wenye afya, na zinafanya nini? Ikaonekana kwamba wazazi hao waliokota kamba na kaa wadogo katika mashamba ya mpunga, wakavitia katika chakula cha mtoto pamoja na majani ya viazi vitamu, na waliwalisha watoto kidogo kidogo mara nyingi. Vyakula hivyo vilikuwa bure, lakini wengi waliviona havifai kwa watoto. Basi jirani akawa mwalimu wa jirani.

Yuko atakayesema kwamba mila za chakula hazibadiliki. Namjibu kwa githeri yake mwenyewe. Mahindi yalitoka Amerika, na maharagwe yaliyomo ndani yake asili yake ni huko huko. Leo twaiita githeri chakula cha jadi. Katika Buganda ya zamani wanawake hawakula kuku wala mayai, leo wanakula. Watu hubadilika, lakini hubadilika waonapo faida kwa macho yao, na wasipodharauliwa.

Mwingine atasema kwamba mtoto hawezi kungoja adabu hizi zote, kwa maana miaka miwili ya kwanza hupita upesi. Neno hilo ni zito, wala silipuuzi. Lakini ushauri usiofuatwa hauendi upesi kwa sababu ulitolewa upesi. Kuuliza kwa saa moja ni njia fupi kuliko kuhubiri kwa mwaka mzima. Tena mgeni ana siku zake, mwaka mmoja au miwili, halafu huondoka. Wanaobaki ni majirani. Kwa hiyo ni jambo la busara kwamba mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaoishi katika vijiji wanavyovihudumia. Mgeni mwema ni yule ambaye kazi yake yaendelea asipokuwapo.

Msidhani kwamba kujitolea ni kazi ya watu wa Ulaya na Marekani peke yao. Umoja wa Afrika ulianzisha mwaka 2010 mpango wa vijana wa Afrika kujitolea katika nchi za Afrika zisizo zao. Mmoja wenu aweza kujikuta katika kijiji cha mbali ambacho lugha yake haijui, ameshika elimu nzuri mkononi. Akifika, aombe kwanza aonyeshwe jikoni. Aulize maji yanatoka wapi, kuni huletwa na nani, na nani ndani ya nyumba mwenye neno la mwisho juu ya fedha na chakula. Asiridhike na makofi.

Na ninyi mtakaobaki nyumbani, mgeni akija, mpeni heshima iliyo kubwa kuliko makofi: mwambieni kweli. Mkaribisheni, mpeni kiti, kisha mwambieni bila ukali kwamba jambo hili laweza kufanyika na jambo lile haliwezi, na sababu yake ni hii. Adabu ya namna hiyo haitamvunja moyo mgeni mwema, na mtoto aliye mgongoni mwa mama yake, ambaye hakuulizwa neno na mtu yeyote, ndiye atakayekula matunda yake.