Nundu za Mti wa Spruzi

Msomaji kijana, ukijaliwa siku moja kutembea katika misitu ya Ulaya, utauona mti uitwao spruzi, jamaa ya msonobari tunaoujua hapa Kenya. Majani yake ni mafupi, makali kama sindano. Huenda ukakuta katika matawi yake kitu cha kijani, kikubwa kama ncha ya kidole gumba, chenye magamba yaliyopangika mfano wa nanasi dogo. Usiharakishe kusema kwamba ni tunda.

Kitazame vema. Tunda la spruzi huning'inia, na urefu wake hupita sentimita 10. Lakini kinanasi hiki kimekaa pale tawi changa linapoanzia, na baina ya magamba yake zimechomoza ncha za majani. Kila gamba ni tako la jani lililovimba. Kipasue kwa kisu: ndani mna vyumba vingi, na vyumbani wamejazana wadudu wachanga, wadogo kuliko punje ya mtama.

Wadudu hawa ni ndugu wa vidukari wanyonyao kunde zetu. Linnaeus aliwapa jina mwaka 1758, na leo wataalamu huwaita Adelges abietis. Jike hukaa kando ya chipukizi majira yote ya baridi. Joto lirudipo, huchoma mdomo wake na kunyonya, na mti, kana kwamba umerogwa, huanza kuvimba. Wanawe huingia katika mianya, nayo nundu huwafumba. Kiangazi kikiisha hukauka na kupasuka, nao hutoka wakiota mabawa, wote majike, hata dume mmoja hamna. Mti umewajengea nyumba, nao hawalipi kodi!

Huko Uingereza nilimkuta mzee aliyekwisha kunoa shoka aukate mti wake mrefu, akidhani una ukoma. Nikampasulia nundu moja. Alitazama kitambo, akacheka, akaenda kuleta msumeno mdogo, akayakata matawi yenye nundu kabla hazijafunguka. Nundu hupinda matawi na kuyadhoofisha, lakini ni nadra mti mkubwa kufa kwazo.

Kwetu Kenya jamaa yao mmoja aliingia katika misonobari mwaka 1968. Huyo hafanyi nundu. Utamjua kwa utandu mweupe kama pamba, pale majani yanaposhikana na tawi.