Barua kutoka Salt Lake City: Ziwa Lisilo na Samaki

Mjomba,

Mara ya mwisho tulipozungumza uliniuliza, "Ziwa mnalo huko. Mnavua nini?" Bando likakata kabla sijajibu. Nimeona nikuandikie, maana jibu lenyewe ni refu.

Mgeni akifika mji huu, wenyeji humpeleka kwanza kwenye hekalu la Wamormoni, katikati kabisa ya mji. Nami nilipelekwa. Waumini hao walifika hapa na magari ya kukokotwa na maksai mwaka 1847. Hekalu wakaanza kulijenga 1853, wakalimaliza 1893: miaka 40 ya kuchonga mawe ya kijivu yaliyoburutwa kutoka milimani. Waliochimba msingi wakiwa vijana, waliobahatika kuona minara yake sita ikisimama waliiona wakiwa wazee. Kisha wanakuonyesha milima ya Wasatch yenye theluji, iliyouletea mji huu Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 2002. Ni mizuri sana. Lakini mimi ni mtoto wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma; macho yangu yalikuwa yanatafuta maji.

Siku ya kwenda ziwani nilifuatana na jirani yangu, mama wa Kikongo aliyezaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, kisha akaishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wapo wengi hapa wenye njia kama yake. Ndani ya treni ya mji nasikia Kiswahili karibu kila siku. Tulielekea Kisiwa cha Antelope, kwa barabara iliyopita juu ya tuta la kilometa 11 hivi. Kisiwani kuna baisani, nyati wa Marekani wenye nundu na manyoya mazito. Walivushwa 12 tu mwaka 1893. Leo ni mamia, na wanatembea kando ya barabara kama ng'ombe wanaorudi zizini.

Tulipofika ufukweni, mama yule aliinama akachota maji kwa kiganja, kama afanyavyo kila mtu wa kwetu akifika ziwani. Akayagusisha mdomoni. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Hakuna samaki, Mjomba. Ziwa letu hupumulia mto Lukuga, maji yakaenda Kongo. Hili linapokea mito mitatu mikubwa na halina mlango wa kutokea. Jua linanyonya maji, chumvi inabaki. Upande wa kusini chumvi ni kama mara tatu hadi mara tano ya ile ya bahari. Kaskazini, nyuma ya tuta la reli la mwaka 1959, imezidi hata maji yana rangi ya waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyoipenda. Nilijilaza majini nikaelea bila kupiga hata mkono mmoja.

Kinachoishi humo ni duvi, kamba wadogo kuliko ukucha wa mtoto, na vijinzi vinavyofunika ufuko kama masizi. Mamilioni ya ndege wa safari hutua kula hao duvi na vijinzi. Na hapa ndipo penye jibu lako. Msimu wa baridi ukikaribia, duvi hutaga mayai yenye ganda gumu, yanaelea katika michirizi ya rangi ya kahawia. Ndege ndogo inaruka kutafuta michirizi hiyo, kama wewe unavyosoma maji usiku wa giza ukiwa na karabai. Mashua zinakimbilia, zinaizungushia uzio unaoelea, zinafyonza mayai. Yanakaushwa, yanauzwa duniani kote kulishia vifaranga vya samaki na kamba kwenye mabwawa. Wavuvi wa huku huvua mayai.

Lakini ziwa lenyewe linaondoka, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1893 walijenga jumba la starehe, Saltair, juu ya nguzo majini. Moto ukalila 1925, likajengwa upya, maji yakalikimbia. Katika miaka ya 1980 ziwa likafurika, hata serikali ya jimbo ikafunga pampu kubwa mwaka 1987 kuyatupa maji jangwani. Wakati huo lilikuwa na zaidi ya kilometa za mraba 8,000. Mwaka 2022 lilishuka kuliko wakati wowote tangu lianze kupimwa, likabaki chini ya theluthi moja ya hapo. Ukame upo, lakini sehemu kubwa ya maji ya mito inakingwa njiani kwenda mashambani, hasa kumwagilia majani ya ng'ombe. Ardhi iliyoachwa wazi ina aseniki, na upepo unaipeperusha kuelekea mjini, kwenye vifua vya watoto.

Mjomba, wewe uliniambia ziwa letu limepanda hadi limekula ule mwembe tuliokuwa tunafungia mitumbwi. Huku, kutoka pale mchanga ulipoanza hadi majini, nilihesabu hatua. Nilipofika 600 mama yule akanishika mkono akaniambia niache.

Nimeweka jiwe pale maji yalipokuwa yameishia. Theluji ya milimani huyeyuka kuanzia Aprili. Mwezi Juni tutarudi naye kulitafuta, nami nitakuandikia kama liko kavu au limezama.

Nisalimie Mama Mkubwa na wote wa mwaloni.