Akili ni Nywele: Duka la Mtandaoni na Ladha ya Mnunuzi

Wahenga walisema kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ladha nayo ni vivyo hivyo. Mwenye duka la mtaani huijua ladha ya jirani yake kwa kumwona: anajua nani hupenda majani ya chai ya pakiti ndogo, nani hukopa unga kila mwisho wa mwezi, na mtoto akitumwa sabuni, anajua sabuni hiyo ni ya nani. Muuzaji wa mtandaoni hana jicho hilo. Hata hivyo, kila mnunuzi afunguapo ukurasa wake hukuta amekwisha kutandikiwa bidhaa anazodhaniwa kuzipenda. Je, muuzaji huyu asiyeuona uso wa mteja hubashiri kwa usahihi kiasi gani?

Kampuni ya Amazon, iliyoanza kuuza vitabu kwa intaneti mwaka 1995 jijini Seattle, Marekani, ni mfano mwafaka. Mwaka 2003, wahandisi Greg Linden, Brent Smith na Jeremy York walichapisha makala kuhusu mbinu yake. Wakati huo wateja walikuwa zaidi ya milioni 29. Kumlinganisha mmoja na wengine wote ili kumpata pacha wake wa ladha kungechukua muda mwingi mno. Badala yake, zililinganishwa bidhaa kwa bidhaa: kompyuta iliandaa mapema jedwali la vitu ambavyo aghalabu hununuliwa na watu wale wale. Ikiwa wengi walionunua kamusi fulani walinunua pia kitabu fulani cha sarufi, anayenunua kamusi hiyo hupendekezewa sarufi. Waama, kompyuta haijui kamusi ni nini wala sarufi ni nini. Inachojua ni kwamba nyayo za wengi zimepita hapo.

Mbinu hii ina mafanikio yake. Mwaka 1988 Joe Simpson alichapisha Touching the Void, kitabu kuhusu ajali ya kupanda mlima nchini Peru, nacho kikasahaulika baadaye. Jon Krakauer alipotoa Into Thin Air mwaka 1997, kuhusu maafa ya mlima Everest, wasomaji wake walianza kupendekezewa kile cha Simpson. Mwandishi Chris Anderson alieleza mwaka 2004 jinsi kitabu hicho cha zamani kilivyofufuka hata kikakipiku kipya kwa mauzo. Hapa ubashiri ulimfaa msomaji, mwandishi na muuzaji kwa pamoja.

Lakini usahihi una mipaka. Mwaka 2006 Netflix, iliyokuwa ikikodisha filamu kwa posta, iliahidi dola milioni 1 kwa yeyote ambaye angeuboresha ubashiri wake kwa asilimia 10. Washindani walipewa takriban alama milioni 100 ambazo wateja walikuwa wamezipa filamu. Zawadi ilitolewa mwaka 2009, baada ya karibu miaka 3 ya jasho la wataalamu. Hata hivyo, katika kipimo cha nyota 1 hadi 5, mfumo ulioshinda bado ulikuwa na kosa la karibu nyota 0.86.

Sababu si ngumu kuiona. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Rekodi ya ununuzi huonyesha tendo, haionyeshi nia. Mtu akimnunulia mpwa wake kitabu cha hadithi za watoto, huenda akaandamwa na vitabu vya watoto muda mrefu. Akinunua sufuria, huonyeshwa sufuria nyingine ilhali haja yake imekwisha. Isitoshe, muuzaji habashiri ili amfahamu mteja, bali ili auze. Ndiyo maana kando ya kinachodhaniwa kupendwa hupangwa kile kilicholipiwa tangazo.

Kwa mpenzi wa Kiswahili, jambo hili lina uzito wa pekee. Methali hunena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika duka linalofuata nyayo, chema kisicho na nyayo hakijiuzi. Diwani ya mashairi iliyonunuliwa na watu wachache haina jedwali la kuibeba. Kwa kuwa haipendekezwi hainunuliwi, na kwa kuwa hainunuliwi haipendekezwi. Aliyezoea kununua riwaya za Kiingereza hurudishiwa za Kiingereza, kana kwamba hana lugha nyingine moyoni.

Kuna pia suala la siri. Mwaka 2008 Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov walionyesha kuwa baadhi ya wateja katika data ya Netflix wangeweza kutambuliwa, ingawa majina yao yalikuwa yameondolewa. Shindano la pili lilifutwa mwaka 2010. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kuarifiwa matumizi ya data yake na ya kuyapinga.

Kwa kuhitimisha, muuzaji wa mtandaoni hubashiri vyema pale ambapo mtu anafanana na wengi, na hukosea pale ambapo mtu ni yeye mwenyewe. Kwa hivyo kazi ya mwalimu, mkutubi na rafiki anayesoma bado ipo: kumpa mtu mkononi kitabu ambacho hakuna jedwali lingemwonyesha.